Alifiwa na mama, akaambiwa amesafiri

Swali hili limetoka kwa mlezi mmoja wa Kisumu, nami nimelifupisha bila kubadilisha maana yake:

"Nafanya kazi katika nyumba moja huku Mamboleo wanamoishi watu wazima saba wenye ulemavu wa akili. Mmoja wao, mwanamume wa miaka 38 aliyezaliwa na hali ya Down, alifiwa na mama yake mwezi wa Februari. Mama huyo alizoea kuja kumwona siku za Jumamosi, akipanda matatu kutoka Chavakali na ndizi mbivu za kutugawia sote. Jamaa walituomba tusimpeleke mazishini wala tusimwambie, kwa kuwa hataelewa na atasumbua waombolezaji. Tulimwambia mama amesafiri. Tangu Mei amekuwa akikataa chakula, anakojoa kitandani, na kila Jumamosi hubeba begi lake hadi langoni na kukaa pale mpaka jioni. Tukimrudisha ndani hutupiga. Mwenzake wa chumba naye ameanza kupiga kelele usiku. Msimamizi wetu anasema huo ni ukaidi, apelekwe hospitali apewe dawa ya kumtuliza. Je, mtu kama huyu huomboleza kweli? Tumwambie sasa, baada ya miezi minane? Na wale wengine tufanye nini nao?"

Dada, pole kwa kazi hii nzito, na nakushukuru kwa kuuliza kabla dawa hazijaanza. Nianze na jibu fupi ili usisubiri. Ndiyo, kaka huyo anaomboleza. Ndiyo, aambiwe ukweli, hata sasa. Wenzake nao waambiwe, kwa sababu msiba ukishaingia katika nyumba ya watu saba hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Yanayofuata ni maelezo ya namna ya kuyafanya hayo bila kumwongezea maumivu.

Jamaa walisema hataelewa. Kukielewa kifo ni jambo lenye sehemu kadhaa: kujua kwamba mwili wa aliyekufa umeacha kufanya kazi, kwamba hali hiyo hairudi nyuma, kwamba kila aliye hai atakufa, na kwamba kuna kitu kilichosababisha. Watu wengi wenye ulemavu wa akili huzijua baadhi ya sehemu hizi na kuzikosa nyingine, na wengi hujifunza zaidi wanapoelezwa polepole na kuonyeshwa kwa macho. Lakini uchungu wa kumkosa mtu haungojei sehemu hizo zikamilike. Kaka huyu anaijua sauti ya mama yake, harufu ya leso yake, na siku aliyozoea kuja. Vyote hivyo vilikatika kwa mara moja, na hakuna aliyemwambia sababu.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uingereza, Sheila Hollins na Anastasia Esterhuyzen, walichapisha utafiti uliowalinganisha watu wazima 50 wenye ulemavu wa akili waliokuwa wamefiwa na mzazi na wengine 50 wenye ulemavu huohuo ambao hawakuwa wamefiwa. Waliofiwa walionekana kuwa na dalili nyingi zaidi za wasiwasi na huzuni, pamoja na matatizo mengi zaidi ya tabia. Kilichonigusa zaidi katika utafiti ule ni kwamba mara nyingi walezi hawakuyahusisha mabadiliko hayo na kifo kilichotokea. Waliona tabia imeharibika, wasiuone msiba ulioko nyuma yake. Nyumba yenu imeangukia palepale, na haiko peke yake.

Hebu yatazame upya yale yanayoitwa ukaidi. Aliambiwa mama amesafiri. Anayesafiri hurudi, au hutuma mtu aje amchukue mwanawe. Kwa hiyo kaka huyu hufungasha begi na kwenda langoni siku ileile ambayo mama huja, na kwa habari aliyopewa, hilo ni jambo la busara kabisa. Mnapomvuta ndani, kwa macho yake mnamzuia asimpokee mama, ndipo anapopiga. Kukojoa kitandani na kukataa chakula ni mambo yanayowapata wengi walio katika majonzi mazito wasiyoweza kuyataja kwa maneno, maana mwili husema badala ya mdomo. Nayo miezi mitatu iliyopita kabla ya dalili kuonekana isikushangaze. Jumamosi za kwanza huenda alidhani mama amezuiwa na mvua, kama ilivyokuwa ikitokea zamani. Kwa watu wengi wenye ulemavu wa akili majonzi huchelewa kujitokeza, na kuchelewa huko ndiko kunakowafanya walezi wasahau kuyaunganisha na kifo.

Kabla ya kumwambia, lakini, kuna kazi ya hospitali isiyofaa kurukwa. Mwambie msimamizi wako kwamba hospitali ataenda, ila kwa sababu nyingine. Mtu mwenye ulemavu wa akili anapobadilika, wahudumu wengi huuona ulemavu wenyewe na kuishia hapo, ilhali huenda ana malaria, ambayo huku ziwani haimwachi mtu, au jino limeoza, au ana choo kigumu cha wiki nzima, au maambukizi ya mkojo. Kwa watu wenye hali ya Down kuna mambo mawili zaidi ya kuulizia. Upungufu wa homoni za tezi ya thairoidi iliyo shingoni huwapata zaidi kuliko watu wengine, na huleta uchovu na huzuni. Kipimo cha damu huuonyesha, na dawa yake ipo. La pili ni ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo na kumbukumbu polepole, ambao kwao huweza kuanza mapema sana, hata katika miaka ya arobaini. Mtu wa miaka 38 bado ni kijana kwa hilo, lakini daktari alijue. Vipimo hivi vikishafanywa, mtajua mnashughulika na nini. Kuhusu dawa za kutuliza zinazotolewa kwa sababu ya tabia peke yake, msimamo wangu ni kwamba zisianzwe wakati huu. Zinaweza kumletea usingizi wa mchana kutwa, kukakamaa kwa misuli na kunenepa, na baada ya yote hayo bado hazitamwambia mama yake yuko wapi.

Sasa tuje kwenye kumwambia. Aambiwe na mtu anayemwamini, na kama inawezekana dada au kaka yake wa kuzaliwa awepo. Ikiwa mama alikuwa akizungumza naye Kilogooli, lugha ya Wamaragoli wa huko Chavakali, basi ndugu huyo ayaseme maneno makuu kwa Kilogooli kwanza, nawe uyarudie kwa Kiswahili. Chagueni asubuhi ya siku ya kawaida, kwa sababu habari ya jioni hulala na mtu kitandani. Isiwe Jumamosi, wala isiwe mezani wakati wa chakula. Kaeni mahali anapopenda kukaa, runinga ikiwa imezimwa, na mlezi mwingine awe na wale wenzake sita ili msikatizwe.

Maneno yawe machache na ya wazi. Najua adabu yetu inatutaka tuseme mama ameaga dunia, ametangulia, amelala, Mungu amempenda zaidi. Kwa msikilizaji huyu kila usemi wa namna hiyo ni ahadi au ni tishio. Akiambiwa mama amelala, huenda akaogopa kufumba macho usiku. Akiambiwa Mungu amemchukua, atataka kujua atamrudisha lini. Semeni hivi, au karibu na hivi: "Mama yako amekufa. Alikuwa mgonjwa sana, na mwili wake ukaacha kufanya kazi. Hapumui tena. Hasikii baridi wala maumivu. Tulimzika nyumbani. Hatarudi. Hukufanya kosa lolote." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa mahubiri. Mpe muda, hata akiangalia dirishani kana kwamba hajasikia. Habari za mbinguni zina nafasi yake, na kama ni mtu wa kanisa zitamfariji, lakini zije baada ya habari za mwili. Zikitangulia, atauliza matatu ya kwenda huko hupandiwa wapi, na hatakuwa anafanya mzaha.

Halafu kuna sentensi moja ambayo nyumba nyingi huikwepa: "Tulikuambia mama amesafiri. Haikuwa kweli. Tunaomba utusamehe." Itakuwa ngumu kuisema, na msimamizi wako huenda akaona inashusha hadhi ya nyumba. Nakuomba uishikilie. Kwa miezi minane kaka huyu ameishi na neno lenu upande mmoja na lango tupu upande wa pili, na bila sentensi hiyo hatajua la kuamini atakapoambiwa jambo lingine kubwa maishani mwake. Kama ndugu zake ndio walioomba afichwe, msiwalaumu mbele yake. Bebeni lile mlilolisema nyinyi.

Usitarajie kumaliza kwa kikao kimoja. Irene Tuffrey-Wijne, ambaye amefanya utafiti wa miaka mingi Uingereza kuhusu namna ya kuwapa habari mbaya watu wenye ulemavu wa akili, anaeleza kwamba habari kubwa hujengwa kwa vipande vidogo, kila kipande kikiwekwa juu ya kile mtu anachokijua tayari, kwa mwendo wake mwenyewe. Kaka yenu pengine anajua tayari kwamba mama alikuwa akikohoa, au kwamba alianza kutembelea fimbo, anzeni hapo. Kisha atauliza, "Mama anakuja lini?" Atauliza kesho asubuhi, atauliza jioni, atamuuliza mpishi, atamuuliza mlinzi wa lango. Kila mmoja ajibu kwa maneno yaleyale, kwa upole uleule. Yaandikeni kwenye karatasi na kuibandika mahali walezi wa zamu ya usiku watakapoiona. Mlezi mmoja akimwambia mama atakuja Krismasi ili tu anyamaze, mmerudi mwanzo. Kuuliza mara nyingi ndiyo njia yake ya kulishika jambo ambalo sisi wengine hulishika kwa kuzungumza na jamaa usiku mzima katika kesha.

Na hilo linanileta kwenye matanga, ambayo naona ndiyo kiini cha swali lako ingawa hukuyauliza moja kwa moja. Huku kwetu magharibi hatuombolezi kwa kukaa peke yetu chumbani. Mwili hutolewa mochari, huletwa nyumbani, watu hukesha nao, tenti husimamishwa uani, nyimbo huimbwa, watoto wa marehemu huitwa mmoja baada ya mwingine kusimama kando ya jeneza, watu hupanga foleni kuaga mwili, na udongo hutupwa kaburini kwa mkono. Siku chache baadaye katika jamii nyingi za Waluhya huwa na kikao cha kunyoa nywele, na hapo madeni ya marehemu hutajwa. Wabukusu wana mzee maalumu anayewafariji wafiwa kwa hotuba ndefu mbele ya watu. Taratibu zote hizi hufanya jambo moja kubwa kwa mtu ambaye maneno humpita: humwonyesha. Anauona mwili hausogei, anaigusa mbao, analisikia jembe, anawaona watu wazima wanalia na kujua kwamba kulia kunaruhusiwa. Kwa hiyo mtu ambaye angefaidika kuliko wote kwa matanga ndiye aliyeachwa nyuma, ilhali nduguze wanaoweza kuelewa kwa simu ndio waliokuwepo. Nayasema haya bila kuishutumu familia. Walikuwa na msiba, wageni mamia, kamati ya mazishi na michango ya kufuatilia, na waliogopa aibu ya kelele wakati wa ibada. Kosa la kawaida ni kudhani kuna njia mbili tu, aje kwa yote au asije kabisa. Angeweza kuja alfajiri kabla ya umati, akaaga mwili pamoja na mlezi wake, akakaa nyuma ya nyumba wakati wa hotuba ndefu, akarudi kaburini kutupa udongo.

Mazishi yameshapita, lakini kaburi lipo. Mpelekeni. Zungumzeni kwanza na nduguze, muwaeleze kwamba mnakuja kimya, siku ya katikati ya wiki, watu watatu tu. Waombeni wamtafutie programu ya mazishi, ile karatasi yenye picha ya marehemu na majina ya watoto wake. Ikiwa jina lake limo, mwekeeni kidole juu yake, ajue alihesabiwa. Ikiwa halimo, jambo hilo linauma, na afadhali mlijue kabla ya kumpa karatasi hiyo mkononi. Mwonyesheni njia kabla ya safari, kwa picha kama mnazo: Kiboswa, Majengo, Mbale, kisha Chavakali. Mwambieni zaidi ya mara moja kwamba mnaenda kuona mahali mama alipozikwa, na kwamba mama mwenyewe hamtamkuta.

Mkifika, msimkimbize kaburini na kumrudisha garini. Aingie nyumbani mwa mama. Nakumbuka mwanamke mmoja tuliyempeleka kwao kutoka Nakuru, miezi kadhaa baada ya mamake kuzikwa. Alipitiliza kaburi bila kulitazama, akaingia jikoni, akafunua kila sufuria moja baada ya nyingine, akagusa mafiga, akakuta majivu ya baridi. Kisha akafungua chumba cha kulala, akakaa kitandani kwa muda mrefu, akatoka mwenyewe na kwenda kusimama kaburini. Hakuna aliyemwelekeza. Alihitaji kuhakikisha kwamba mama hakujificha mahali fulani. Mpeni kaka yenu nafasi hiyo. Akitaka kugusa saruji, aguse. Akitaka kuchukua kiganja cha udongo, achukue. Akilia, msimwambie ajikaze kiume. Asipolia, msimlazimishe; wengine hucheka, wengine huomba soda, na kicheko hicho hakimaanishi kwamba hakuna kinachomuuma.

Waulizeni nduguze kama kuna kitu cha mama anachoweza kuchagua mwenyewe na kurudi nacho. Leso ni nzuri kuliko yote, na tafadhali isifuliwe. Katika nyumba ya pamoja ambamo nguo hufuliwa kwa wingi na kuchanganywa, lazima kila mlezi ajue kwamba leso hiyo haiingii kwenye beseni. Picha ya mama iwekwe mahali anapoweza kuifikia bila kuomba ruhusa. Tengenezeni pamoja naye kitabu kidogo chenye picha za mama, za nyumba, za kaburi, na ya yeye mwenyewe akiwa amesimama pale. Siku maneno yatakapokosekana, atakifungua na kuonyesha kwa kidole.

Jumamosi zitabaki ngumu kwa muda mrefu. Msilifunge lango. Mlezi mmoja aende akae naye pale kwa muda, amwambie tena kwa upole kwamba mama amekufa na hawezi kuja, kisha watoke pamoja kwa miguu hadi sokoni wakanunue ndizi, arudi azigawe kwa wenzake kama mama alivyokuwa akifanya. Nalipendekeza hili kwa sababu linaipa siku ile kazi yake ya zamani, na linampa yeye nafasi ya mama katika nyumba, nafasi ambayo imekaa wazi tangu Februari. Akilikataa, msilisukume, jaribuni wiki nyingine.

Nimefika kwa wenzake sita, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa nyumba ya pamoja huomboleza kwa namna yake na ni mara chache mtu kuandika juu yake. Mama yule alikuwa akiwaletea ndizi wote. Kwa baadhi yao pengine ndiye mgeni pekee aliyewajua kwa majina. Nao wamempoteza, na hakuna aliyewapa pole. Mtaalamu wa Marekani Kenneth Doka alieleza mwaka 1989 kwamba kuna majonzi ambayo jamii haiyatambui, ama kwa sababu uhusiano wenyewe hauhesabiwi, ama kwa sababu mfiwa mwenyewe haonekani kuwa mtu wa kuomboleza. Wenzake hao wanaangukia pande zote mbili. Yule wa chumba kimoja ana zaidi: analala kando ya mtu anayelia au kuzunguka usiku, analisikia godoro likigeuzwa alfajiri, na haelewi kilichompata rafiki yake. Kelele zake huenda zikawa hofu tu ya mtu aliyeona jambo baya lisilo na jina. Mwambieni kile mlichomwambia mwenzake, kwa maneno yaleyale, na muulizeni kama angependa kulala chumba kingine kwa muda. Aamue yeye.

Kisha waambieni wote, pamoja, siku hiyohiyo, kwa ruhusa ya mfiwa mwenyewe ikiwa anaweza kuitoa. Lakini kabla ya kikao hicho fanya kazi moja muhimu: pitia faili za watu wote saba. Kwa kila mmoja tafuta kama wazazi wako hai, na kama hawako, nani alimwambia na kwa maneno gani. Nakuhakikishia kwamba mara tu mtakapotamka neno kifo mezani, mtu mmoja atainua macho na kuuliza, "Na mama yangu je?" Nyumba nyingi za namna hii katika nchi yetu hupokea mtu kwa sababu mzazi aliyemlea amekufa na ndugu hawana wa kumwachia. Mtu huyo hupoteza mama, kitanda, mbwa, kanisa na njia ya kwenda dukani katika wiki moja, kisha huambiwa afurahie nyumba mpya. Kuna watu wanaobeba msiba wa miaka kumi ambao haujawahi kufunguliwa. Msiba wa kaka huyu utaigusa ile ya zamani, na mtaona machozi kutoka kwa mtu msiyemtarajia. Usiogope likitokea, ila uwe na majibu ya kweli mkononi.

Ongeza pia misiba midogo ambayo sisi walezi huileta wenyewe. Mlezi aliyewaogesha watu kwa miaka mitatu anapata kazi Nairobi na kuondoka Ijumaa jioni bila kuaga, eti asiwahuzunishe. Kwa anayebaki, huyo amepotea kama mama alivyopotea. Aage, siku ijulikane mapema, picha yake ibaki ukutani. Na ikiwa siku moja atakufa mmoja wa wakaaji wenyewe, kitanda chake kisijazwe wiki ileile, na kiti chake mezani kizungumziwe waziwazi: nani atakikalia, na lini. Kikombe chake wasikitupe usiku watu wakiwa wamelala.

Nanyi walezi je? Nawe ulimjua mama yule, nawe umelibeba lile neno "amesafiri" kila Jumamosi langoni. Tafuta mtu wa kuzungumza naye, mwenzako wa zamu au mchungaji wako. Mlezi ambaye hajapewa nafasi ya kulia mwenyewe huwanyamazisha wengine haraka.

Msimamizi wako akihitaji sababu zaidi ya huruma, mwonyeshe Katiba ya 2010. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu, na kuna humo pia haki ya kupata habari. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na familia ya mtu imetajwa humo. Sioni haja ya kwenda kwa ugomvi. Pendekeza tu utaratibu wa kuandikwa: mtu akipokewa nyumbani, ijulikane nani atawaarifu kukitokea kifo katika familia, nani atamwambia mhusika, nauli ya mazishi itatoka wapi, na familia itie sahihi kwamba imekubali. Familia nyingi hukubali zikiulizwa mapema, wakati hakuna jeneza uani. Waulizeni pia mpango wao wa kumbukumbu ya mwaka mmoja hapo Februari, kwa maana ibada ya namna hiyo huwa na watu wachache na haraka kidogo, na kaka yenu anaweza kuwa na kazi yake pale, hata kama ni kushika picha.

Hatapona kwa wiki mbili. Tarajia kwamba baada ya kuambiwa atazidi kidogo kwanza: atalia, atakasirika, pengine atapiga. Kwa maoni yangu hiyo ni hatua ya mbele ukilinganisha na kule kukaa kimya langoni. Katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, majonzi huanza kuangaliwa kama tatizo la kiafya yanapodumu kwa ukali zaidi ya miezi sita. Mimi kwa kaka huyu ningeanza kuhesabu tangu siku atakapoambiwa ukweli, kwa kuwa kabla ya hapo hakupewa nafasi ya kuomboleza. Lakini yapo mambo yasiyongoja miezi sita. Akiendelea kupungua uzito, akikosa usingizi usiku baada ya usiku, akijiumiza, au akisema anataka kumfuata mama, mpelekeni kliniki ya afya ya akili mara moja, kwa mfano katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa Kisumu huiita Russia. Nendeni na daftari ambamo mmeandika kila siku alichokula, saa alizolala, uzito wake wa kila wiki, na yaliyotokea Jumamosi, pamoja na tarehe mama alipokufa na tarehe yeye alipoambiwa. Mwekeni picha ya mama mfukoni. Na mkishaingia kwa daktari, yeye aketi kiti cha mbele na aulizwe yeye kwanza, nawe ujibu yale tu atakayoshindwa kuyasema.